Uchafu wa Sonara

Ndugu yangu Ilyas ana miaka hamsini na minne, na katika miaka yote hiyo sijamwona akimaliza kitu alichokianza isipokuwa sahani ya pilau. Mimi ni Ghanima, dada yake mkubwa. Nimembeba mgongoni na kumfuta kamasi, kwa hiyo nina haki ya kumsema kuliko jirani yeyote wa Quartier Asiatique. Na majirani wanamsema vya kutosha.

Baba yetu, Mzee Moosa, alikuwa sonara. Duka lake lilikuwa Rohero, ubavuni mwa soko kuu la Bujumbura, chumba chenye upana wa mikeka miwili, na wanawake wa mji huu walipanga foleni mlangoni kila ikikaribia Idi. Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Wa kwetu hakusana wala hakuvukuta. Alikaa mlangoni na shati lililopigwa pasi, akajiita Ilyas wa Dhahabu, na kazi pekee aliyoipenda ni kupima. Mtu akileta kipande cha kuuza, baba alikisugua kwenye jiwe jeusi mpaka kikaacha alama, kisha likadondoshwa tone moja la maji makali. Alama ikifutika, ni shaba iliyopakwa rangi. Ikibaki, ni dhahabu. Ilyas alikabidhiwa chupa ya tone hilo akiwa na miaka kumi, na siku hiyohiyo akajiona amehitimu. "Asidi haikulake dhahabu," aliwaambia wateja, yaani haiili kamwe, kidole kikiwa juu. Neno hilo ulishike, maana ndilo lililokuja kutuvua nguo.

Mtu aliyefanya kazi hasa katika duka lile, ukimtoa baba, alikuwa Dorothée. Alikimbia vita vya kwao Uvira, akaingia Bujumbura na mtoto mgongoni, akaomba kazi ya kufagia. Mtu atasema kufagia ni kazi gani. Kwa sonara ni kazi. Kila anapokata na kupiga tupa, unga wa dhahabu unaanguka sakafuni, unaingia nguoni, unajificha chini ya kucha. Kwa hiyo kwetu ilikuwa mwiko kufagia kutoka ndani kwenda nje. Ulianza mlangoni ukaelekea kwenye meza ya kazi, ukazoa vumbi lote ukalitia koponi. Hata maji ya kunawa hayakumwagwa hovyo. Yaliachwa kwenye beseni yatulie, ya juu yakamiminwa taratibu, tope la chini likasafishwa kwa maji mengine na kuanikwa. Mara moja kwa mwaka, kabla ya Ramadhani, baba aliyeyusha makopo yale, na katika uchafu huo ikatoka herini nzima, jozi. "Uchafu wa sonara hautupwi," alimwambia Dorothée, na Dorothée hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Mimi nilizaliwa mle na sikuwahi kushika fagio. Nilisema mikono yangu haikuumbwa kwa vumbi.

Soko lilipoungua mwaka 2013, duka nalo likaenda. Ilyas alikaa barabarani akalia kwa sauti ya kusikika mpaka mtaa wa pili. Baba na Dorothée waliingia kwenye majivu na chekecheo, siku tatu, wakatoka weusi kama masizi ya sufuria, na donge la njano mfukoni. Baada ya hapo baba alifanyia kazi uani kwetu, miaka michache, mpaka Mungu alipomchukua. Dorothée akabaki nasi, akipika na kufagia, na bado alifagia kuelekea ndani. Mimi nilimcheka.

"Sonara amekufa, we bado unafagia kinyumenyume?"

"Nilizoea hivo, Mama Ghanima," alinijibu, akaendelea.

Kitu cha baba kilichobaki, cha thamani, kilikuwa bangili moja. Aliitengeneza kwa ajili ya mama yetu, Bi Alya, walipooana: pana, nzito, yenye nakshi ya majani kuizunguka yote. Bibi harusi wa nyumba yetu huvaa bangili hiyo siku ya hina, na anayemvisha ni mwanamke mkubwa wa ukoo. Nilivishwa na mama. Sasa zamu ilikuwa ya Wafa, binti wa Ilyas. Mama yake alifariki Wafa akiwa ananyonya, nikamlea mimi, na mama yetu alipokuwa anakata roho alinishika mkono akasema nimvishe Wafa bangili ile, nisikubali ipotee. Niliapa. Niliifunga kwenye kitambaa cheupe, nikaiweka ndani ya sanduku langu, ufunguo nikautundika nyuma ya mlango chini ya msala. Wafa akaposwa na watu wa Gihosha, watu wenye macho ya kupima mpaka pazia. Siku ya hina ikapangwa.

Wakati huo Ilyas alikuwa ameshashindwa na biashara ya basi, ya kuku wa mayai, na ya juisi ya marakuja. Siku moja akanijia na simu mkononi, macho yamemtoka.

"Dada, mi nimepata mine! Mine iko hapahapa mu muji, mugodi ya dhahabu!"

Kwenye simu kulikuwa na video ya mtu fulani wa nchi za mbali, anasema lugha ambayo Ilyas haijui, anaponda bodi za kompyuta, anazitia majini, na mwisho anatoa kipande cha dhahabu. Nisimwonee: jambo lenyewe si uongo. Ukifungua simu au kompyuta utaona vile vimeno vya njano pembeni mwa bodi. Hiyo ni dhahabu kweli, imepakwa nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Lakini kutoka kwenye kimeno mpaka kwenye donge kuna safari, na ndugu yangu si mtu wa safari.

Ndani ya mwezi mmoja uani kwetu palikuwa makaburi. Magunia ya simu zilizokufa, televisheni zenye matumbo wazi, kompyuta za maofisi ya Rohero zilizotupwa na wenyewe. Alichoma nyaya mpaka majirani wakafunga madirisha saa nne asubuhi. Mvuke wa asidi zake ulikausha mdimu aliopanda mama, ukatoboa matundu kwenye shuka zangu kambani. Nilipomlalamikia alinipa kadi aliyoichapisha mjini. Juu yake palikuwa na jina lake, na chini yake: Président.

"Président wa nini?" nikamwuliza.

"Wa coopérative."

"Uko wapi huo ushirika?"

"Inakuja."

Kilichokuwa kinakuja ni mradi fulani wa mazingira uliokuwa umefungua ofisi mjini. Mwenye mradi, bwana mmoja Arnaud, alikuwa anatafuta mtu wa kuongoza kikundi cha watoa madini kwenye taka, mtu wa kupelekwa mikutanoni na kupigwa picha. Ilyas alipigania nafasi ile kama mtu anayepigania pepo. Arnaud akasema vizuri, Jumanne saa nne tutakuja kwako, tuone dhahabu inavyotoka.

Hapo ndipo ndugu yangu alipokumbuka kwamba dhahabu haijawahi kutoka. Angeweza kusema kweli. Angeweza kujifanya mgonjwa, kipaji hicho anacho. Badala yake aliingia chumbani kwangu nikiwa sokoni, akachukua ufunguo chini ya msala, akatoa bangili ya mama yetu, akaikata vipande vinne kwa mkasi wa baba yetu.

Hesabu zake alikuja kunieleza baadaye, na mpaka leo nikizikumbuka natamani kupiga kichwa ukutani. Asidi haili dhahabu, si ndivyo alivyojifunza mlangoni mwa duka? Basi atavitia vipande chini ya bodi, asidi itakula shaba, itakula bati, itakula kila kitu, na mbele ya wageni atazamisha kijiti na kuibua dhahabu inang'aa. Wakishaondoka, atavipeleka kwa Mzee Massoudi wa Buyenzi, aliyekuwa mwanafunzi wa baba, aviunge. Siku ya hina ikifika, nani atajua?

Ila tone la baba lilikuwa asidi moja, peke yake. Ya kwenye video ni mbili zilizochanganywa, na hizo zikikutana zinalamba dhahabu kama chai inavyolamba sukari. Mtoto wa sonara, miaka arobaini na minne ya kuringia chupa, hakulijua hilo. Aliyaona maji yamefanana, akadhani ni mamoja.

Jumanne wakaja, Arnaud na viatu vyake vinavyong'aa, na dada mmoja Bella mwenye kamera. Mimi niliwapa juisi. Ilyas alivaa koti jeupe, alilitoa wapi sijui, akasimama mbele ya chupa kubwa ya kioo kama imamu kwenye mimbari. Moshi wa rangi ya machungwa ukapanda, tukakohoa. Akazamisha kijiti. Akakoroga. Akainama akachungulia, akakoroga tena, na nikaona jasho linamshuka shingoni. Maji yalikuwa ya njano, mazuri tu, na ndani yake hapakuwa na kitu.

"Monsieur Ilyas, na or, ile dhahabu, iko wapi?" aliuliza Arnaud.

"Iko inakuja, patron. Bado kidogo."

Akatia ule unga ambao kwenye video hutiwa mwishoni. Maji yakachafuka, yakawa ya kahawia, na pole pole likatuama tope chini ya chupa. Tope la kahawia, la kuchukiza, kama machicha ya kahawa. Bella akalipiga picha moja kwa adabu.

"Bon," akasema Arnaud, "hii ni matope, quoi."

Wakamaliza juisi, wakaenda zao. Ilyas akakaa kwenye kiti cha plastiki, uso umekuwa majivu. Mimi nilidhani anaulilia urais, na nikacheka. Ndiyo, nilicheka, nikamwambia, "Présida, pole sana." Alimwita Dorothée.

"Tupa ile maji mu rigole," akasema, akionyesha mtaro wa nje, akaingia ndani, akalala siku mbili.

Wiki mbili zikapita. Siku tatu kabla ya hina nikafungua sanduku nisugue bangili kwa limau. Kitambaa kilikuwepo. Bangili haikuwepo.

Sijui nilipiga kelele namna gani, lakini watu walitoka majumbani. Niliona mkono wa mama umenishika tena. Niliona macho ya watu wa Gihosha. Nikajiuliza nani anaingia chumbani kwangu, na jibu lilikuwa tayari mdomoni kabla sijamaliza kuuliza: anayefagia. Dorothée alikuwa anaelekea getini, kazi imekwisha, anarudi kwake Ruziba. Nikamwita. Nikamwambia mbele ya watu wote aweke mfuko wake chini.

"Mama Ghanima, mi?" akasema.

"We. Weka chini."

Niliupekua kwa mikono yangu hii isiyoumbwa kwa vumbi. Nilitoa kitenge, rozari, kipande cha sabuni, nusu mkate, dawa ya mgongo. Chini kabisa palikuwa na kopo la maziwa ya unga. Nikalifungua nikiwa na hakika. Ndani mlikuwa na unga wa kahawia, mkavu.

"Nini hii?"

"Ni uchafu ya ile chupa ya patron Ilyas. Niliikamua maji, niliisafisha na kuianika. Nilitaka kumupelekea Mzee Massoudi aangalie. Mzee wetu alisemaka uchafu ya..."

"Mzee amekufa!" nikapiga kelele. "Beba uchafu wako, utoke kwangu, na usirudi!"

Nikalitupa kopo kwenye mfuko, unga kidogo ukamwagika kwenye saruji. Ilyas alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu. Alijua bangili haimo mfukoni mle. Alijua nani aliyeitoa sandukuni. Alitazama vidole vya miguu yake. Mwanamke aliyemfulia mashati miaka ishirini na mbili anaitwa mwizi mbele ya mtaa mzima, na yeye anatazama vidole.

Dorothée aliokota vitu vyake kimoja kimoja. Mwisho akainama, akaukusanya kwa kidole ule unga uliomwagika, akaurudisha koponi mpaka saruji ikawa safi. Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, kwa hasira.

Siku moja kabla ya hina, mimi nikiwa nimelala na kitambaa kichwani, sijui nitawaambia nini wakwe, akaja Mzee Massoudi. Hakutaka kukaa. Alifungua leso yake juu ya meza, na katikati palikuwa na donge la njano.

"Binti Moosa," akasema, "Dorothée amenituma. Yeye mwenyewe alikataa kuja. Alisema niwaletee, imetoka mu uchafu ya nyumba yenu."

"Uchafu gani?"

"Ile ya kopo. Nilipolishika tu, mukono ulinambia. Ilikuwa nzito kuliko udongo. Dhahabu ikitoka mu asidi haing'ai, binti. Inakuwa hivo, kama matope. Mupaka uiyeyushe."

Akatoa mizani ya baba, aliyorithi yeye kwa kuwa kwetu hapakuwa na wa kuirithi. "Bangili ya mama yenu naijua, niliisugua mi mwenyewe miaka mingi. Ukitoa ile shaba Mzee aliichanganyaka ndani, dhahabu yake ni hii. Yote. Na imezidi kidogo, kama ya kipini ya pua."

Nilianza kuelewa kidogo kidogo, kama mtu anayeingiwa na baridi kuanzia miguuni. Nilikuwa nimeishika bangili ya mama yangu mkononi. Nilikuwa nimeitafuta, nikaipata, nikaitupa, nikaifukuza pamoja na aliyeiokoa. Na mtoto wa sonara alikuwa ameitazama vilevile, mara mbili, akaona tope. Tumefundishwa kwamba ving'aavyo vyote si dhahabu, na hapo ndipo elimu yetu ilipoishia.

Tukamgeukia Ilyas, aliyekuwa amesimama mlangoni. Alikiri yote, sauti ya mtoto. Halafu akanyanyua kichwa, na usoni mwake nikaona nuru.

"Mzee Massoudi, umesema imezidi?"

"Imezidi."

"Basi ile ya kuzidi imetoka mu masimu! Mi nilisema! Dada, nilisema mine iko hapa, we ukanicheka!"

Nilivua kandambili. Mzee Massoudi aligeuka ukutani kwa heshima, na nikampiga présida wa miaka hamsini na minne mpaka mkono ukachoka. Sijutii hata pigo moja.

Bangili ikatengenezwa siku hiyo na usiku wake. Haikuwa na nakshi ya majani, muda haukutosha, na mkono uliojua nakshi ile uko kaburini. Nilimvisha Wafa kama nilivyoapa. Watu wa Gihosha wakaipima kwa macho, wakaridhika. Na Ilyas, bila haya, alikuwa anapita kwa wageni na sinia ya haluwa akiwaeleza kwamba bangili ya mwanawe ameitoa ndani ya simu mbovu. Walimpigia makofi. Debe tupu, mpaka leo linavuma, na nasikia Arnaud amesharudi kumtafuta.

Wafa alininong'oneza, hina bado mbichi mikononi, "Shangazi, Mama Dorothée yuko wapi? Mbona simwoni?"

Nilimwambia atulie, asiharibu hina.

Harusi ilipokwisha nikaenda Ruziba. Nilivaa vizuri. Nilitengeneza maneno njiani, maneno mazuri, ya mtu mkubwa anayejishusha. Mkobani nilikuwa na ile ya kuzidi, kishanga kidogo cha dhahabu ndani ya karatasi, nimpe. Nilijiona mwema sana.

Dorothée alikuwa anapalilia mchicha wake wa lengalenga nyuma ya nyumba yake. Aliponiona alinawa mikono, akatandika mkeka nje, mbele ya mlango. Hakunikaribisha ndani. Majirani wakasogea, kama majirani wa mahali popote.

"Dorothée," nikaanza, "nimekuja..."

"Mama Ghanima, weka sakoshi chini."

Nikacheka nikidhani ni utani. Yeye hakucheka. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu: nilishusha mkoba wangu kwenye mkeka. Alipiga magoti akaufungua. Akatoa miwani yangu, akaiweka. Akatoa tasbihi, akaiweka kwa heshima. Akatoa dawa za presha, leso iliyotumika, sambusa mbili za harusi nilizozifunga nizile njiani. Mtoto mmoja akacheka. Kila kitu kilipangwa juani, kila mtu akakiona, na Dorothée hakuwa na haraka. Mwisho akatoa karatasi, akaikunjua.

"Na hii?"

"Ni yako," nikasema. "Ndiyo ile iliyozidi. Nimekuletea."

"Iko yangu?"

"Wallahi ni yako, Dorothée. Wewe ndiye uliyeiokoa."

Alikitazama kile kishanga, akawatazama majirani zake, akanitazama mimi.

"Kama iko yangu," akasema, "inafanya nini mu sakoshi yako?"

Alikifunga kishanga kwenye pindo la kitenge chake, akachukua jembe, akarudi kwenye lengalenga zake. Nikapiga magoti mbele ya watu wa Ruziba, nikaanza kuokota vitu vyangu kimoja kimoja.